Mbweha mmoja tu

Mwaka 2019 umeshapita zamani, lakini kalenda yake bado iko ukutani kwangu kwa sababu ya picha ya Januari: Wawindaji kwenye Theluji, ya Pieter Bruegel Mkubwa. Aliichora mwaka 1565 kwa rangi za mafuta juu ya mbao, na yenyewe iko Vienna, upana wake kama mita 1.6. Yangu naweza kuifunika kwa viganja viwili.

Muda mrefu niliiona ni picha ya raha. Watu wanateleza kwenye barafu, wanaume wanarudi nyumbani, basi. Usiku mmoja umeme ukakatika, nikaisogelea na tochi ya simu nikitafuta walichowinda. Wanaume watatu, kundi zima la mbwa, na kinachoning'inia kwenye mkuki wa mmoja wao ni mbweha. Mmoja tu, tena hata nyama haliwi.

Nikamkumbuka baba mdogo. Alikuwa mvuvi Pangani, na sisi watoto tulijua habari za bahari kabla hajafungua mdomo. Siku ya samaki anatuita kwa mbali tukapokee tenga. Siku ya kukosa anakuja kainamisha kichwa, anatazama vidole vyake vya miguu, na hakuna wa kumsemesha mpaka amalize chai.

Wawindaji wa Bruegel wanatembea hivyo hivyo. Nyuso hatuzioni, wametupa migongo. Mbwa nao wamechoka, wanajikokota nyuma yao. Pembeni, mbele ya nyumba ya wageni, watu wamewasha moto wa kumbabua nguruwe, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kusema karibuni. Kibao cha nyumba hiyo kimechomoka upande mmoja, kinaning'inia kishingo upande.

Halafu tazama alivyopanga vitu. Miti inashuka kilima mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mdogo kuliko uliotangulia, na jicho linashuka nayo hadi kwenye barafu waliko wachezaji. Ndege aliyekunjua mabawa juu ya bonde analisukuma mbele zaidi, hadi kwenye majabali. (Kwao Bruegel ni tambarare, majabali hayo aliyabeba kutoka Alps, alikopita safari ya Italia.) Anga na barafu kavipa rangi ile ile, kijivu chenye ukijani, kwa hiyo baridi imekubana juu na chini. Wale watatu tumeshawaacha kilimani, tumekimbilia mchezo kama majirani zao. Mimi aliniweza miezi kadhaa.

Jana binti yangu aliikuza picha hiyo kwenye simu, akaniita. Kwa mbali, bomba la moshi la nyumba moja linawaka, na watu wadogo kama sisimizi wanahangaika na ngazi. Miaka yote hiyo sikuwaona. Wanaoteleza nao wanaendelea kuteleza.