Simu ya dakika kumi imekula wiki yangu nzima

Jana maabara imeninyoosha. Nilikuwa naitafuta CREB yenye fosfeti, yaani kikundi kidogo cha fosforasi na oksijeni. CREB ni protini inayokaa juu ya DNA ikisubiri amri. Adrenalini ikigusa seli, kimeng'enya PKA huchukua fosfeti kutoka kwenye ATP, molekuli ya nishati ya seli, na kuipachika CREB kwenye serini ya 133, yaani kiungo cha 133 cha mnyororo wake. Hapo CREB inamvuta mwenzake, protini CBP, na jeni zinaanza kusomwa. Kafosfeti kamoja tu, jamani!

Sasa nimeshapasua seli, simu ikaita. Mama. Unamkatia mama? Sampuli nikaziacha mezani badala ya kwenye barafu, na dawa ya kuzuia fosfatesi nilikuwa sijatia. Fosfatesi kazi yake ni kubandua fosfeti, na hazijali kwamba seli imeshakufa.

Picha ya kuonyesha CREB yenye fosfeti, ambapo protini ikiwepo huonekana kama mstari mweusi, ikatoka nyeupe pe. CREB yenyewe ipo, mstari mweusi tii, ila ile yenye fosfeti hata kivuli hakuna.

Wanasayansi Krebs na Fischer walipewa Nobel mwaka 1992 kwa kugundua mchezo huu wa kupachika na kubandua. Mimi nimepewa maneno na msimamizi wangu.

Leo narudia. Simu iko ndani ya begi, imezimwa. Mama nimeshamwambia.