Kadi ya ufuo wa Entebbe

Leo nimemaliza kupaka rangi kadi ya shangazi yangu aliye Arua: ufuo wa Entebbe, mtumbwi mmoja na Ziwa Victoria. Nimetumia penseli za rangi tu. Anga nimeikoleza juu, ikafifia kadiri inavyokaribia upeo wa macho; maji kinyume chake, mepesi ufuoni, mazito kule mbali. Mchanga ndio ulionipa raha zaidi! Njano hafifu kwanza, kahawia kidogo juu yake, kisha kahawia iliyokolea pale mawimbi yanapoulowesha. Povu sikulipaka kitu, ni weupe wa karatasi yenyewe. Na jamani, ziwa letu si buluu tupu, lina kijani pia, nami nimekitia. Shangazi amekulia Entebbe, atakiona mara moja. Kesho kadi inapanda basi.