Namba Ambayo Michoro ya Jengo Refu Haiwezi Kuitoa

Kila jengo refu huyumba upepo unapovuma, na kuyumba huko si dalili ya ubovu. Kinachomsumbua mtu aliyeketi ghorofa za juu si umbali ambao jengo limesogea, bali ni mchapuko, yaani jinsi mwendo wake unavyobadilika upesi. Wahandisi huupima mchapuko huo kwa sehemu za elfu za mvutano wa dunia, na wengi wetu huanza kuuhisi unapofikia sehemu 5 hivi. Jengo linalotumia sekunde 6 kwenda na kurudi likifikisha sehemu 10, huwa limesogea takribani sentimita 9 tu kila upande.

Kazi ya upimaji ninayoistahi kuliko nyingine zote ni ile ya Chicago, ambako tangu mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, wakishirikiana na SOM, kampuni ya usanifu na uhandisi wa majengo, na maabara ya upepo ya Chuo Kikuu cha Western Ontario nchini Kanada, walifunga vipima mchapuko katika majengo marefu matatu ambayo wamiliki wake hawakutaka yatajwe kwa majina. Kila jengo lilifungwa vipimo vinne karibu na kilele, viwili viwili katika pembe zinazokabiliana, kwa sababu pembe mbili zisipokwenda sawa hujulikana kwamba jengo linajisokota pia. Hata hivyo, vipimo hivyo havina uwezo wa kuonyesha msukumo unaoliinamisha jengo upande mmoja na kuliacha hapo. Kwa hilo ilitumika antena ya GPS juu ya paa la mojawapo ya majengo hayo, ikilinganishwa na nyingine iliyowekwa kwenye jengo fupi la jirani.

Lakini kiini cha kazi yote, kwa maoni yangu, ni kujua jengo huuzima mtetemo wake kwa kasi gani. Uzito na ugumu wa jengo hukadiriwa kutokana na michoro; uwezo wa kuzima mtetemo haukadiriki hivyo, kwa kuwa unatokana na misuguano midogo isiyohesabika katika maungio, kuta na msingi. Mbunifu hulazimika kuchagua namba, mara nyingi asilimia 1 au 2 ya kiwango ambacho kingelirudisha jengo mahali pake bila kuyumba tena, na tofauti hiyo inayoonekana ndogo ni kubwa mno: uwezo huo ukipungua kwa nusu, mtetemo unaoafikiana na mwendo wa asili wa jengo huongezeka kwa asilimia 40 hivi.

Namna ya kuipata namba hiyo inanivutia sana. Kwa kuwa upepo haukomi ili jengo litulie lenyewe, watafiti huchukua kumbukumbu za saa nyingi, hukata vipande vyote vinavyoanzia kwenye kimo kilekile cha mtetemo, kisha hutafuta wastani wake. Vurugu za upepo hufutana, na kinachobaki ni mtetemo wa jengo lenyewe ukififia. Katika jengo la asilimia 1, kila kilele huwa chini ya kilichotangulia kwa asilimia 6 hivi, na huchukua mizunguko 11 hadi mtetemo ubaki nusu.

Matokeo ya Chicago yalionyesha kwamba mfumo wa jengo una umuhimu katika suala hili: majengo yanayopinda kama nguzo moja ndefu huelekea kuzima mtetemo polepole kuliko yale ambayo mihimili na nguzo zake hufanya kazi kama fremu. Ndiyo maana naamini kwamba vipimo vinapaswa kufungwa katika kila jengo refu tangu ujenzi wake, na kumbukumbu zake ziwafikie wabunifu wengine, hata jina la jengo likibaki siri.