Mfarishi wa kaniki iliyopaushwa kwa mkono

Mwezi uliopita nilikata uzi wa mwisho wa mfarishi, yaani tandiko la vipande vilivyoungwa na kushonwa tabaka juu ya tabaka, ulionichukua karibu miezi 7, na kabla yake nilishona mwingine ambao uliharibika wote. Naandika habari za yote miwili, kwa kuwa ule ulioharibika ndio ulionifundisha kazi, na kwa kuwa kila niliyemweleza hapa Wete, Pemba, kwamba ninaipausha kaniki kwa makusudi, kisha ninaikata vipande na kuviunga upya, aliniuliza swali lile lile: kwa nini usinunue kitambaa chenye maua yake tayari?

Jibu langu ni kwamba weusi wa kaniki si rangi moja. Kiwandani weusi hupatikana mara nyingi kwa kuchanganya rangi kadhaa, na dawa ya klorini haiziondoi zote kwa kasi moja, kwa hiyo kinachobaki baada ya dakika chache ni rangi ambayo mnunuzi hakuiona dukani. Nilinunua kaniki katika maduka matatu, zote nyeusi tititi, na kwa macho sikuweza kuzitofautisha. Ya kwanza iligeuka rangi ya kutu, kisha ikawa ya machungwa yaliyofifia. Ya pili ikawa ya majivu yenye uzambarau kwa mbali. Ya tatu haikubadilika hata nilipoiacha nusu saa. Nilipochomoa uzi wa ile ya tatu na kuuchoma nikajua sababu, kwani uliyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, jambo ambalo pamba haifanyi. Pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi iliyoungua, na huacha jivu laini linalopeperuka. Tangu siku hiyo huomba dukani nipewe uzi mmoja tu wa pembeni kabla sijalipa, na wauza vitambaa wamenizoea.

Mfarishi wa kwanza niliupausha vizuri, nikaupoteza kwa kutojua namna ya kuisimamisha dawa. Nilikuwa nikitoa vipande katika beseni la dawa ya kung'arishia nguo, ambayo wengi wetu huiita jiki iwe imetoka kampuni yoyote ile, navisuuza mara mbili kwa maji ya kisima, navianika uani. Vilikauka vizuri, vina michirizi mizuri, na nikaviunga kwa furaha kubwa. Mwezi wa tatu wa kushona, sindano ikaanza kuacha matundu yasiyojifunga. Wiki chache baadaye nilivuta uzi kidogo tu, na kipande kikachanika kutoka mshono hadi mshono kama karatasi iliyolowa. Nilivijaribu vyote kimoja kimoja kwa vidole gumba. Katika vipande 40, vilivyostahimili havikufika 10.

Kilichotokea ni hiki. Pamba ni selulosi, yaani minyororo mirefu iliyoshikana na kuupa uzi nguvu zake. Dawa ya klorini ikishamaliza kuila rangi haiachi kazi. Huendelea kuikatakata minyororo hiyo maadamu dawa imebaki ndani ya nyuzi, na maji matupu huipunguza bila kuimaliza. Kwa hiyo kitambaa kinaweza kuonekana kizima kabatini huku kinalika. Kutia dawa ni kazi ya dakika tano ambayo mtoto anaiweza, ila ustadi wote wa kupausha umo katika kuikomesha.

Jirani alinishauri wakati ule nitie siki katika maji ya kusuuzia ili dawa ife. Nilifanya hivyo mara moja, na harufu iliyopanda ilinikata pumzi, nikaliacha beseni na kukimbilia barazani. Dawa hii ikikutana na siki, ndimu au kitu chochote chenye asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza macho na mapafu, na ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine yenye sumu. Ninamwomba msomaji asilijaribu jambo hilo kabisa, na hasa asilijaribu ndani ya nyumba yenye watoto.

Kinachofaa ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile inayouzwa katika maduka ya dawa kwa ajili ya kusafishia vidonda. Hutia sehemu moja yake katika sehemu 10 za maji, na kila kipande kinachotoka kwenye klorini hukisuuza kwanza kwa maji mengi, kisha hukilaza humo kwa robo saa. Vitu hivi viwili vikikutana humalizana vyenyewe kwa vyenyewe, na kinachobaki ni maji, chumvi na oksijeni, ndiyo sababu utaona mapovu madogo yakipanda. Sodiamu thiosalfeti, ambayo wapiga picha za filamu waliitumia kukazia picha zao, hufanya kazi hiyo pia, lakini peroksaidi ndiyo niipatayo bila kuagiza mbali. Baada ya hapo hukifua kwa sabuni na kukisuuza tena. Siruki hatua hata moja, hata jua likiwa linazama.

Kuhusu kupausha kwenyewe sina mengi. Kaniki mpya hufuliwa kwanza kwa maji ya moto ili wanga wa kiwandani utoke, la sivyo dawa huingia kwa madoadoa. Nilitumia sehemu moja ya dawa kwa nne za maji, katika beseni la plastiki, nimevaa glavu, uani palipo na upepo. Vipande vingine nilivikunja kwa mikunjo myembamba kama nasuka ukili na kuchovya ncha tu. Vingine nilivifunga kokwa za ukwaju kwa uzi, vikatoa miduara myeusi iliyozungukwa na wekundu. Na vile nivipendavyo zaidi nilivichora kwa njiti ya ukuti, kwa kuwa brashi ya manyoya huliwa na dawa hii na kulainika kabla hujamaliza mstari wa pili. Kitambaa kilicholowa huonekana kimekolea kuliko kitakavyokuwa kikikauka. Basi anayesubiri hadi aione rangi aitakayo ndani ya beseni amekwisha kuchelewa. Hutolewa kabla, ingali nyeusi kuliko alivyotamani. Anayejua kuanua karafuu kabla ya wingu kufika ataielewa kazi hii upesi.

Maji nayo yana neno. Maji ya kisima chetu yana chuma, na huacha wekundu ubavuni mwa ndoo nyeupe. Klorini hukigeuza chuma hicho kuwa kutu, na kutu ikishika pamba haitoki kwa kufua. Nilikinga maji ya mvua ya vuli katika mapipa mawili kwa ajili ya beseni la dawa peke yake.

Katika miezi hiyo nilifikiri sana juu ya vitambaa vya watu wa visiwa hivi. Katika karne ya 19, kitambaa kilichotawala biashara ya Unguja kilikuwa marekani, pamba ngumu isiyopaushwa, yenye rangi yake ya asili, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, Marekani, na kuletwa na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, bandari ya huko. Nchi ya Marekani na Sayyid Said, sultani wa Omani na Unguja, walitia saini mkataba wa biashara mwaka 1833, na kitambaa hicho kikafika bara na misafara, ambako kilitumika kama fedha, hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipoikata pamba yao na nafasi ikajazwa na vitambaa vya Uingereza na India. Vitambaa hivyo vya marekani na kaniki ndivyo vilivyokuwa nguo za watumwa na maskini. Watumwa walipopata uhuru, wanawake wengi waliziacha kwa hamu ya kuvaa kanga. Kwa hiyo bibi yangu aliponiona ninainunua kaniki kwa mita hakufurahi. Alisema, "Mwanangu, hiyo nguo ya shamba, utamtandikia nani?" Sikumjibu. Nilimwonyesha kipande cha miduara, akakigeuza huku na huku kwa muda mrefu, kisha akauliza kama rangi hiyo ilikuwamo tangu mwanzo.

Na kuunga vipande si jambo geni kwetu. Inasimuliwa kwamba kanga yenyewe ilianza pale wanawake wa pwani waliponunua leso za mraba zilizouzwa kwa mkupuo, wakakata sita, wakaziunga mbili kwa tatu ili wapate vazi moja.

Vipande vyangu nilivikata sentimita 27 kila upande, vikabaki 25 baada ya mishono, vitano kwa vinane, yaani upana wa sentimita 125 na urefu wa mita 2. Mita 3 za kaniki hutosha. Nilinunua 4 kwa sababu ya vitakavyoharibika. Chini nilitia doti ya kanga, mbili zimeungwa kwa upande mrefu, na ukubwa wake uliozidi niliukunjia juu, hivi kwamba pindo la kanga ndilo lililokuwa ukingo wa mfarishi. Kanga sikuipausha. Jina lake ni maneno ya mtu kwa mtu, na sikuona haki ya kuyafuta. Katikati nilianza kwa kufikiria sufi, nikaiacha: hujikusanya pembeni ikifuliwa, na kwa joto letu ni adhabu. Niliweka shuka kuukuu la pamba, tabaka moja tu, na kwa baridi ya kipupwe linatosha.

Tabaka tatu hizo nilizishika kwa bandi ndogondogo kwa mkono, kwa uzi wa pamba, kama washonavyo mama zetu kofia, ambapo kitambaa juu ya kitambaa hugandamana kwa wingi wa sindano. Hapa sikuwa na haraka. Bandi zikiwa karibukaribu hakuna kipande kinachobeba uzito peke yake, na kwa kitambaa kilichopitia klorini jambo hilo lina maana kubwa kuliko uzuri. Shangazi, ambaye ameshona kofia tangu utotoni, alinifumua safu mbili nzima kwa kuwa bandi zangu zilikuwa ndefu, na alikuwa na haki.

Mfarishi umefuliwa mara tatu sasa. Kila ukikauka hupitisha vidole gumba kwenye vipande vya pembeni na kuvuta, na hadi leo hakuna kilicholegea. Nimekwisha loweka mita 4 nyingine. Mapipa yatajaa masika yakianza.