Ramani moja, kaunti mbili

Mwaka huu nasimamia majengo mawili ya ghorofa katika kaunti mbili jirani. Ramani ni ile ile, mhandisi ni yule yule. Upande mmoja mkaguzi alifika kabla hatujamwaga zege, akachutama na futi yake kupima nafasi kati ya ringi za nguzo (vile vyuma vyembamba vinavyozungushwa kuzishika nondo), akaagiza tuzisogeze karibu zaidi pale nguzo inapokutana na boriti. Kazi ilisimama asubuhi nzima, na nilimshukuru. Upande wa pili ramani ilipigwa mhuri ofisini, basi. Hakuna aliyekuja kuangalia chuma wala kokoto.

Kwa miaka mingi Kenya tulijenga kwa kanuni za 1968, ambazo kila baraza la serikali za mitaa lilikuwa na hiari ya kuzipitisha au kuziacha. Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024 ni za kaunti zote 47, na mimi naziunga mkono kwa moyo wote. Lakini zege likishakauka, nani ataona ringi ngapi zimo ndani? Waheshimiwa magavana, ajirini wakaguzi wa kutosha, muwape na usafiri wa kufika saiti mapema.