Siku tatu nikiwasaka takhi kwenye theluji

Siku ya kwanza nilichoka bure. Nilizunguka mabondeni katika Hifadhi ya Taifa ya Hustai, Mongolia, yapata kilomita 100 magharibi mwa Ulaanbaatar, nikiamini kwamba farasi mwitu watakuwa wamejificha humo kukwepa upepo. Theluji ilinifika magotini. Kila nikiinua darubini, mvuke wa pumzi yangu unaganda kwenye kioo. Nafuta, unaganda tena.

Jioni askari wa hifadhi, mzee aliyezeekea kazini, aliniuliza kupitia kwa mkalimani: huko bondeni wangekula nini? Nilikosa jibu. Majani sikuwa nimeyafikiria hata mara moja.

Kesho yake tukapanda miteremko inayotazama kusini. Majira ya baridi jua la kule hupita chini, upande huo huo wa kusini, na upepo nao hupeperusha theluji mpaka nyasi kavu zikachomoza. Haikupita saa moja tukakuta vishimo. Takhi, kama Wamongolia wanavyowaita farasi hawa, huparua theluji kwa kwato za mbele ili wafikie majani. Mzee alivua glavu akapapasa kingo za kishimo kimoja: ngumu kama jiwe, cha zamani. Cha pili, vivyo hivyo. Mbele kidogo palikuwa na rundo la mavi. Madume hurudia kunya mahali pamoja kama alama kwa madume wengine. Akabonyeza la juu kwa ncha ya fimbo, likabonyea. Kwa baridi ile, maana yake walikuwa wamepita muda si mrefu. Lakini giza lilituwahi, ikabidi turudi.

Usingizi ulinipaa usiku ule. Takhi wa mwisho porini alionekana mwaka 1969, kisha wakabaki wa kufugwa tu, uzao wa farasi wasiozidi 15. Hustai walianza kurudishwa mwaka 1992. Kwangu kumwona mmoja tu kungetosha.

Siku ya tatu tulianzia pale pale kwenye rundo, tukafuata kwato kuelekea kileleni. Mzee ndiye aliyeuona mvuke kwanza, wingu dogo jeupe nyuma ya mwamba. Tukalala kifudifudi.

Walikuwa tisa. Rangi ya mchanga, miguu myeusi, singa fupi zilizosimama wima, na manyoya ya baridi yamewajaa hadi chini ya taya. Dume alijiweka kati yetu na majike, masikio mbele. Nilitaka kusogea, mzee akanishika mkono wa koti, nikatulia.

Jike mmoja alikuwa anaparua, mara nne, mara tano, theluji ikiruka nyuma yake. Midomo yake ilikuwa na barafu. Mtoto wake alipenyeza kichwa chini ya shingo ya mama, akaanza kula kwenye kishimo hicho hicho, na mama akasogea pembeni kuchimba kingine.