Hurricane ya fito, na kwa nini sikuchukua Spitfire

Kila anayeiona pale mezani anauliza swali lilelile, mbona Hurricane, mbona sio Spitfire, maana zote mbili ni ndege za kivita za Uingereza za Vita vya Pili vya Dunia, na mimi huwa najibu kwa kirefu kwa sababu jibu lenyewe napenda kulitoa. Spitfire ni nzuri, hakuna anayebisha, lile bawa lake la umbo la yai ukilitazama kutoka chini huwezi kulichanganya na la ndege nyingine. Ila mimi sikutaka ndege ya kuning'iniza darini. Nilitaka ndege ya kivita ya zamani nitakayoijenga kwa mkono wangu, fito kwa fito, alafu niipeleke uwanjani iruke kwa rimoti, itue, irudi nyumbani ikiwa nzima na wiki ijayo iruke tena. Kwa hilo Hurricane sijaona mpinzani wake.

Anza na miguu tu. Miguu ya Spitfire imefungwa karibu na mwili na inakunjwa kwenda nje, kwa hiyo ikiwa chini inasimama imebana miguu, na kwenye modeli inayotua kwenye nyasi zenye mashimo hiyo ni kazi kwelikweli, upepo kidogo tu wa pembeni na ncha ya bawa imeshalamba ardhi. Hurricane ni kinyume, miguu imefungwa mbali huko kwenye bawa na inakunjwa kuja ndani, ikisimama imejitanua vizuri, kwenye ndege halisi gurudumu la kushoto na la kulia yameachana zaidi ya mita mbili. Alafu bawa lenyewe ni nene, pale linaposhikana na mwili unene wake ni asilimia 19 ya upana wake. Wapenda spidi wanalilaumu sana hilo bawa na ni kweli ni sababu mojawapo ya Hurricane kuachwa na Spitfire kwa mwendo, lakini kwa mjenzi wa modeli unene ni nafasi, unapata pa kuweka mhimili wenye kina, pa kuficha mitambo ya kukunja magurudumu, pa kulaza sevo, yaani vimota vya kusukuma usukani, bila kutoboa ngozi ya juu, na ukipunguza mwendo halikuangushi ghafla.

Lakini sababu yangu kubwa sio hiyo. Sababu kubwa ni kwamba Hurricane halisi ilijengwa karibu sawasawa na modeli. Sydney Camm, mchoraji mkuu wa kampuni ya Hawker iliyoiunda, na watu wake walikuwa wametoka kwenye ndege za bawa juu ya bawa, walichokijua vizuri ni mabomba ya chuma na kitambaa, na walipochora hii ndege, ambayo iliruka mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1935 pale Brooklands, Uingereza, ikiwa mikononi mwa rubani George Bulman, hawakukiacha walichokijua. Mbele ni bati. Nyuma ya rubani ni kiunzi cha mabomba ya chuma, juu ya mabomba zikapangwa fremu za mbao, juu ya fremu fito za mbao, juu ya fito kitambaa cha kitani kilichopakwa dopu, ile vanishi ya kukazia kitambaa, mpaka kikakaza. Hata mabawa ya zile za mwanzo yalikuwa ya kitambaa kabla hawajahamia bati. Ndo maana mwaka 1940, vita vilipochacha kwenye anga la Uingereza, mafundi wa vikosini waliweza kuziba matundu ya risasi kwenye mwili wa Hurricane kwa viraka na kuirudisha hewani, kazi ambayo kwenye mwili wa bati wa Spitfire ilikuwa ngumu zaidi. Na katika vita hivyo Hurricane ndo ziliangusha ndege nyingi kuliko Spitfire, kwanza zenyewe zilikuwa nyingi zaidi.

Kwa hiyo mtu anayebandika fito kwenye Hurricane ndogo haigizi umbo la nje tu, anafanya kazi ileile aliyoifanya fundi wa kiwandani, kwa mpangilio uleule, vitu tu ndo vimepungua ukubwa. Ndege ngapi za vita za miaka ile unaweza kusema hivo? Mustang ni bati tupu, Spitfire bati, Messerschmitt 109 bati. Ukizijenga kwa balsa, ile mbao nyepesi sana ya modeli, unatengeneza mbao inayojifanya bati. Hapa mbao ni mbao.

Skeli niliyoichukua ni 1/6. Ndege halisi bawa kwa bawa ni mita 12.19, yangu ikatoka kama mita 2.03, bado inaingia kwenye gari mabawa yakichomolewa. Sasa hapa kuna hesabu ambayo wengi wanairuka na wanajuta. Ukigawanya urefu kwa 6, eneo la bawa linagawanyika kwa 36, na uzito ungetakiwa ugawanyike kwa 216. Hurricane ya mwanzo ikiwa imebeba kila kitu ilikuwa karibu tani 3, ukigawanya kwa 216 unapata karibu kilo 14. Kwenye karatasi hiyo ndo skeli kamili ila usijaribu, kwa sababu ndege umeipunguza lakini hewa hujaipunguza, na uwanja pia hujaurefusha. Mimi nilijiwekea isivuke kilo 8, na hapo kila mita ya mraba ya bawa inabeba kama kilo 12 wakati ile halisi ilibeba karibu 125. Ndo inavyowezekana kuja kutua taratibu bila kuomba dua.

Tuje kwenye fito, maana hapa ndo nilipokaa muda mrefu na ndo sehemu niipendayo. Fremu za nyuma ni plaiwudi ya milimita 3 iliyotobolewa katikati ibaki kama pete, kila fremu ina vijinafasi vya kuingiza fito kuzunguka ukingo wake. Ukishazisimamisha fremu zote kwenye mstari, kinachofuata ni kubandika fito, na sheria hapa ni moja, unabandika kwa jozi. Ukiweka moja kushoto, hapohapo unaweka mwenzake kulia, gundi ikiwa bado haijakauka pande zote mbili. Fito ina nguvu ya kutaka kurudi kunyooka na ukibandika zote za kushoto kwanza zitauvuta mwili wote upinde, na mwili ukishapinda gundi ikakauka hakuna msasa utakaourudisha. Zile zinazopita kwenye mgongo pale nyuma ya kioo cha rubani zina mkunjo mkali kidogo, hizo nazilowesha maji ya moto, nazifunga kwenye umbo usiku kucha, asubuhi zinakuwa zimeshatii.

Alafu kuna jambo dogo ambalo mtu akilijua kazi yake inabadilika kabisa. Kati ya fito na fito, ukingo wa fremu lazima uukwangue kwa msasa uliozungushwa kwenye kipande cha bomba, uingie ndani kidogo, milimita moja na nusu au mbili inatosha. Usipofanya hivo kitambaa kikikaza kitagusa ukingo wa fremu na kutakuwa na mistari ya kwenda juu ambayo ndege halisi haina. Ukikwangua, kitambaa kinagusa fito peke yake, kinaelea kutoka fito hadi fito, na mwanga wa jioni ukiupiga ule mwili kwa pembeni unaona mistari mirefu tu, safi, inakimbia kuelekea mkiani na kukutana pale. Nikiwa nakagua nafunga jicho moja, naangalia kutokea mkiani kuja mbele, kila fito moja moja. Yenye kidonda inajionyesha yenyewe.

Bawa sitalisema sana, michoro mingi inalieleza. Kipande cha katikati ni tambarare na vipande vya nje ndo vinainuka, hilo usilibadilishe maana mtu anayeijua Hurricane ataligundua kutoka mbali. Na ncha za bawa zisokotwe kidogo kwenda chini kwa mbele, kama nyuzi 2, unaweka vijikabari chini ya ukingo wa nyuma vinavyoongezeka urefu kadiri unavyokaribia ncha kabla hujabandika ngozi ya balsa. Kazi yake ni kwamba ndege ikiishiwa mwendo sehemu ya karibu na mwili ndo inapoteza nguvu ya kubeba kwanza, ncha bado zimeshika, eleroni, vile vibawa vya nyuma ya bawa vya kuilaza ndege upande, bado zinasikia. Modeli za ndege za kivita nyingi zinafia kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua, bawa moja linadondoka na basi.

Uzito wa mkia nao ni vita yake. Pua ya Hurricane ni fupi ukilinganisha na urefu wa nyuma, kwenye hii yangu gramu 10 ukiziongeza mkiani unadaiwa karibu 30 puani. Kwa hiyo ukiacha zile fremu, nyuma kote ni balsa laini, nyembamba, gundi ya matone, mkia wenyewe niliupima kwenye mizani ya jikoni kila nikiongeza kitu. Sevo za eleveta, yaani kile kibawa cha mkiani cha kuinua na kushusha pua, na za usukani wa mkia zimekaa mbele chini ya rubani, zinavuta kwa fimbo nyepesi. Betri, zile nyepesi za lipo, zimesukumwa mbele kabisa nyuma ya mota, pale ambapo ile halisi ilikuwa na injini ya Merlin ya silinda 12 na lita 27. Ikabalansi kwenye asilimia 27 ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, bila hata kipande kimoja cha madini ya risasi cha kuongeza uzito puani, na hilo nalijivunia kuliko rangi.

Na rangi yenyewe imetokana na ndege moja maalum. R4118, yenye herufi UP-W, ya kikosi cha 605, iliyopigana 1940. Baadaye ilipelekwa India, ikaishia imetelekezwa kwenye chuo kikuu kule Banaras mpaka Mwingereza Peter Vacher alipoiona mwaka 1982, akaihangaikia miaka na miaka, akairudisha kwao, na mwaka 2004 ikaruka tena. Picha zake ziko nyingi za kila pembe, na kwa mtu wa skeli picha ndo chakula. Kahawia ya udongo na kijani kilichokolea kwa juu, chini ile rangi ya kijani hafifu inayoitwa Sky. Kitambaa ni kile cha kubandika kwa pasi, unaanza na moto mdogo kukishikisha kwenye fito, alafu unapandisha moto taratibu na kinakaza chenyewe mpaka ukikigonga kwa kidole kinalia kama ngoma. Rangi nimepulizia nyepesi nyepesi maana rangi nayo ni uzito, na rangi nzito inazika zile fito nilizozihangaikia.

Siku ya kuruka upepo ulikuwa mdogo na umenyooka na njia. Propela ya kurukia ni ya mapanga mawili, inchi 20, ile ya mapanga matatu ni ya kupigia picha. Nguvu niliipandisha polepole sana, na kidole cha usukani kiko tayari kulia kwa sababu propela inaivuta pua kwenda kushoto, mkia ukainuka wenyewe, ikakimbia kwa magurudumu mawili kidogo, alafu ikaachana na ardhi bila mimi kuivuta. Trimu ya eleveta, yaani ule urekebishaji mdogo wa kwenye rimoti, ikashuka kidogo tu. Nikakunja miguu, ule mguu wa kushoto ukatangulia na wa kulia ukafuata, na ilipopita mbele yangu imeinama kidogo, jua liko nyuma yangu, mistari ya fito inaonekana kwenye ubavu wote, aisee, nilipiga kelele na sioni aibu kusema. Ile ilikuwa Hurricane, haikufanana na kitu kingine.

Kutua nikashusha flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vya kupunguza mwendo, juu juu huko, nikaja nayo na nguvu kidogo mpaka karibu na chini, ikagusa kwa magurudumu ya mbele, ikakimbia imetanua miguu yake vilevile, mkia ukashuka mwishoni kabisa.

Kilichobaki saa hizi ni kuchora moshi wa mabomba ya ekzosi ubavuni, na vile viraka vyekundu vya kitambaa kwenye midomo ya bunduki nane, vinne kila bawa. Kwenye ndege halisi vilizuia uchafu na baridi visiingie, na risasi ya kwanza ndo ilivitoboa, kwa hiyo ukiona vimekamilika ujue ndege haijapigana siku hiyo. Zangu nitabandika vyote vizima. Na nimeshaagiza balsa nyingine, kuna rafiki anataka yake ya skeli 1/7 na tumekubaliana tunaanza na mkia.